Githeri Ana Kadi. Labrador Je?

Kila nikipost picha ya Githeri akiwa mlimani, swali ni lile lile: "Mlima Kenya mnaenda lini?" Hatuendi. Wala Longonot, wala Aberdare, wala Kilimambogo. Hizo zote ni mbuga za kitaifa, na mbwa wa nyumbani hapiti pale getini hata avae kola ya dhahabu. Na kabla hujaanza kuwatusi KWS, sikiza kwa nini mimi, mtu anayempenda mbwa wake kuliko mabinamu zake kadhaa, niko upande wao.

Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia Serengeti. Ni virusi ambavyo mbwa hubeba, na mbwa waliovibeba walitoka vijiji vilivyo kando ya mbuga. Karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, kama 1,000 hivi. Kule Ethiopia, kwenye milima ya Bale, kuna mbwamwitu wekundu ambao dunia nzima hawafiki 1,000, na kichaa cha mbwa kimewapiga mara kadhaa tangu miaka ya 90, kikitoka kwa mbwa wa wafugaji. Mwaka 2017 distempa ilirudi, safari hii Laikipia, ikafagia makundi ya mbwa mwitu. Mlima una mbwa wake tayari, manze. Mwaka 1962 Mwingereza Wilfred Thesiger alikutana na mbwa mwitu watano juu kabisa kwenye barafu ya Kilimanjaro. Mgeni ni huyu wetu.

Kwa hivyo mambo ya mbuga tumemaliza. Shida yangu iko nje ya mbuga.

Sisi hupanda Cherangani. Huko hakuna umaarufu wa Mlima Kenya, lakini kuna sehemu zinazopita mita 3,000, baridi ya kuuma masikio, viazi, kondoo, na njia za miguu ambazo watu wamezitumia tangu enzi za babu zao. Kufika ndiyo kazi. Makanga akimwona Githeri anaitisha nauli ya watu wawili, na nikilipa bado ananiambia nimshike miguuni. Sawa tu. Juu kule namfunga kamba kila tukikaribia kondoo, kwa sababu mchungaji hakujui, na mbwa wake hawamjui Githeri. Maji nabeba yake kando. Mbwa hatoki jasho kama wewe, anapoza mwili kwa kuhema, kwa hivyo ukimwona ulimi umefika kifuani, keti chini. Selfie itangoja.

Githeri nilimwokota karibu na jaa la mtaa, mwaka ule karo iliniishia nikaacha chuo. Jina ni kwa sababu ya mchanganyiko: masikio moja juu moja chini, mkia wa sijui nani. Wakati ule sikuwa na sababu ya kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Yeye alikuwa na sababu, na alikuwa anaisema kwa sauti.

Basi mwaka jana, siku ya pili ya kutembea, mvua ikatupiga vibaya tukashuka hadi loji moja niliyokuwa nimeibuk mapema. Jina naliacha. Kwenye simu nilikuwa nimeuliza, "Mnakubali mbwa?" Wakasema karibu sana. Tunaingia, tumelowa chapachapa, na mbele ya moto, juu ya zulia, amelala labrador mmoja wa rangi ya maziwa, mnene, ametulia. Nikasema leo tumefika kwetu.

Meneja akamwangalia Githeri kuanzia masikio hadi mkia. "Huyu atalala kwa soja."

"Kwa nini?"

"Wageni wataogopa. Huyu ni wa kienyeji."

Nikatoa kadi yake ya chanjo kwenye mfuko wa plastiki. Kichaa, distempa, tarehe, muhuri wa daktari wa mifugo. Hakuishika. Nikamuuliza kama ya yule wa zulia wameiona. Kimya. Na usikimbilie kusema ni mambo ya wazungu: mwenye labrador alikuwa Mkenya kama mimi, tena mtu poa, alitaka kunitetea. Ile sura ya meneja lakini naijua. Ukiacha chuo unakutana nayo sana, kwa harusi, kwa matanga, kwa mahojiano ya kazi. Umeshapangwa mahali pako kabla hujafungua mdomo.

Nililipia chumba nikalala kwa soja.

Huko ndiko nilikopata stori yenyewe. Soja alikuwa na jiko la makaa, chai ya maziwa mengi, na mbwa watatu wanaokula mabaki ya jikoni la loji. Nikamuuliza kama wamechanjwa. Akacheka. Akaniambia mtoto wa dada yake aliumwa na mbwa wa jirani, wakapanda boda hadi hospitali ya kwanza, sindano hakuna, wakaendelea hadi ya pili usiku. Alipata. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu huwa haponi, na karibu visa vyote vya binadamu hutoka kwa mbwa. Serikali ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Njia yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka. Hao mbwa wa kuchanjwa ni akina nani? Ni wale watatu wa pale getini.

Sasa niambie loji ilimlinda nani. Iliyemfukuza kwenye moto ndiye aliyekuwa na karatasi. Waliokuwa hawana, iliwalisha kila jioni na watoto wa wafanyakazi wakicheza nao. Pesa ya chumba kimoja ingetosha kuanza mazungumzo na daktari wa mifugo aje siku moja tu na kisanduku chake cha barafu. Hilo nilimwambia meneja asubuhi, nikiwa nalipia chai. Akasema ataliwasilisha kwa mwenye mali.

Siku hizi siulizi tena loji kama inakubali mbwa. Nauliza, "Mnaitisha kadi ya chanjo, kwa kila mbwa?" Wawili wamenikatia simu. Mmoja alidhani ni mimi nauza chanjo. Na mama mmoja huko upande wa Kapcherop, ana vyumba vinne tu na choo cha nje, akanijibu: "Leta kadi, kijana. Na blanketi lake pia, huku ni baridi."