Kwa Wajapani kiraka ndiyo fasheni!

Hivi msomaji wangu, koti lako likitoboka kiwiko unafanyaje? Najua. Unamtafuta fundi cherehani aliyejificha uchochoroni, unamnong'oneza, "Fundi, tia kiraka ila kisionekane." Basi leo twende Kojima ukaone vituko.

Kojima ni mji wa pwani mkoani Okayama, magharibi mwa Japani. Ukishuka tu stesheni unajua umefika wapi: ngazi, makabati ya mizigo, hata mashine za kuuzia soda zimechorwa jinzi. Mji huu uliishi miaka mingi kwa kushona sare za shule, na mwaka 1965 ndipo jinzi za kwanza za Kijapani ziliposhonwa hapa. Tembea kama robo saa ufike Mtaa wa Jinzi. Suruali zinaning'inia juu ya barabara kama nguo zilizoanikwa uswahilini!

Nilikwenda kushangaa jinzi mpya, lakini kilichonisimamisha ni koti kuukuu. Koti la kazi, la bluu, limepauka kola. Viwiko vyote vina viraka, na juu ya viraka mistari ya uzi mweupe pee, mishono midogo imepangana kama punje za mchele. Bei yake ingelipa kodi ya chumba changu Sinza miezi mitatu.

Mwenye duka, mama wa makamo, akaniona nimeduwaa. Kiingereza chake na changu vyote vya kuungaunga, lakini sindano haihitaji mkalimani. Kiraka kinakaa kwa ndani. Mistari inachorwa kwa chaki. Uzi ni wa pamba, mnene. Sindano ndefu inakusanya mishono kadhaa ndipo inavutwa. Mwisho wa mstari uzi unaachwa ulegee kidogo, la sivyo nguo ikifuliwa inajikunja kama kaukau. Wenyewe wanaita sashiko.

Usidhani ni mambo ya mabrazameni. Asili yake ni dhiki. Kule Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu cha Japani, baridi haikuruhusu pamba kuota. Wakulima walivaa nguo za nyuzi za mmea wa bangi (usicheke, ni nyuzi imara), na upepo ukawapenya. Pamba iliwafikia kwa meli kutoka upande wa Osaka, tena nguo zilizokwisha kuvaliwa na vipande vyake. Mitumba, ndugu yangu! Kipande kikashonewa juu ya kipande, baba akamrithisha mwana. Matambara hayo huitwa boro, na wenyewe waliyaonea aibu. Mtu mmoja, Tanaka Chuzaburo, aliyefariki mwaka 2013, alizunguka vijijini akiyakusanya. Mwaka 1983 nguo 786 za sashiko alizokusanya zilitambuliwa na serikali kuwa mali muhimu ya utamaduni.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Mzee wangu alikuwa kuli bandarini. Koti lake la bluu mama alilitia viraka kwa uzi mweupe, maana ndio uliokuwepo. Siku ya wazazi akaja nalo shuleni. Wenzangu walipocheka, nikawaambia yule ni jirani yetu tu. Nilipopata mshahara wa kwanza nikamnunulia koti jipya, la zamani nikaligeuza dekio. Mzee alisema tu, "Haya, mwanangu." Leo hayupo, na koti halipo.

Juzi kwenye mitumba ya Ilala nikapata koti la kazi, kiwiko kimetoboka. Muuzaji mwenyewe akaona haya, akapunguza bei. Nikampelekea mama na sindano.

"Nifundishe, mama."

"Uzi gani?"

"Mweupe."

Akanitazama. "Lakini siku hizi wa bluu si upo?"

"Upo, mama. Nataka uonekane."