Kitabu cha Shule ni Amana

Tunapotaja shule ya ufundi, kila mtu huona moyoni karakana yake: randa na misumeno, mashine ya kukereza vyuma, cheche za moto wa kuungia mabati, na wasichana walioinamia vyerehani. Wageni wakitutembelea, ndiko tunakowapeleka. Hakuna anayewapeleka katika chumba kile kidogo karibu na ofisi ya prefe, chenye kabati mbili na meza moja, ambamo karani huandika majina na alama. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha namna hiyo, katika shule moja ya ufundi ya Kivu ya Kusini. Nataka kuwaeleza kinachowekwa humo, kwani iko siku ambapo mkate wa mtoto wako utatoka katika kabati hiyo, au utakosekana.

Vitabu vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni kitabu cha majina. Mwanafunzi akipokelewa hupewa nambari yake, na mbele ya nambari huandikwa majina yake yote, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya baba na mama, siku aliyoingia, na ufundi aliochagua. Akitoka, huandikwa siku ya kutoka na sababu yake. Cha pili ni kitabu cha alama, ambacho wengi wanakiita palmaresi: mwisho wa kila mwaka huandikwa nani ameshinda, nani ameshindwa, na kwa alama ngapi. Tena kila mwanafunzi ana jalada lake, lenye cheti cha shule ya msingi, nakala za buletini zake, na karatasi za mazoezi ya kazi.

Hizo karatasi za mazoezi ndizo zinazotofautisha shule ya ufundi na shule nyingine. Bwana wa kazi anayetafuta fundi haulizi tu kama kijana amesoma. Anauliza: amesimama mbele ya mashine gani? Chini ya fundi gani? Kwa majuma mangapi? Je, amewahi kupanga nyaya za nyumba nzima, au ameziona ubaoni tu? Mikono ya kijana itajibu siku ya pili ya kazi. Lakini ili afike siku hiyo ya pili, karatasi lazima ijibu kwanza.

Labda msomaji atasema: “Mtoto wangu atakuwa na diploma ya Serikali, hiyo yatosha.” Ni kweli kwamba tangu mwaka 1967 nchi yetu ina mtihani wa Serikali unaofunga masomo ya sekondari. Lakini mtihani huo wenyewe husimama juu ya vitabu vya shule. Jina litakaloandikwa juu ya diploma ni lile lililopelekwa na shule, na shule hulitoa kabatini mwake. Kosa dogo la karani katika mwaka wa kwanza humfuata mwanafunzi mpaka uzeeni.

Na kwetu Kongo majina yana historia yake. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1972, Serikali ya Mobutu iliamuru watu waache majina ya ubatizo na kuchukua majina ya mababu. Basi kijana aliyeingia shuleni mwaka 1969 akiitwa Pierre alitoka mwaka 1974 akiwa na jina jingine kabisa. Baada ya mwaka 1990 wengi waliyarudia majina yao ya zamani. Miji nayo ilibadilika: aliyezaliwa Elisabethville ni mtu wa Lubumbashi tangu mwaka 1966, na aliyezaliwa Stanleyville ni mtu wa Kisangani. Nchi yenyewe iliitwa Zaire tangu mwaka 1971 mpaka 1997. Nimeona wazee wenye karatasi tatu ambazo, kwa macho ya mgeni, ni za watu watatu. Kinachoziunganisha ni ule mstari mmoja wa kitabu cha majina, ambapo karani mwenye akili hakufuta jina la kwanza, bali aliandika pembeni jina jipya, pamoja na tarehe na sahihi yake.

Sasa niwaelezee jambo moja nililoliona mwenyewe. Mwaka 2004 alikuja kwetu mtu wa miaka kama ishirini na minane, fundi wa umeme. Alikuwa amesoma kwetu miaka mitatu, kisha mwaka 1993 jamaa yake walihama, naye akamalizia masomo katika shule nyingine mwaka 1996. Miezi michache baadaye vita vikafika, na katika kukimbia alipoteza karatasi zake zote. Kampuni moja ilikuwa tayari kumwajiri, ila ilitaka kwanza uthibitisho wa masomo yake. Aliiandikia ile shule ya pili. Ikamjibu kwamba haina kitabu chochote cha miaka hiyo: prefe wa zamani alikuwa akivitunza vitabu nyumbani kwake, naye alikwisha kuhama, na hakuna aliyejua vilikokwenda.

“Baba,” aliniambia, “mikono yangu inajua kazi, lakini ni kama sikusoma kamwe.”

Nikamwambia, “Kaa, mwanangu, tutafute.”

Kitabu cha majina cha miaka ile kilikuwapo. Tuliukuta mstari wake: nambari, majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, na mwishoni maneno machache: ametoka mwezi wa saba 1993, ameshinda mwaka wa tatu, anahamia shule fulani. Kwa maneno hayo machache mkaguzi alikubali kutafuta katika orodha za Serikali za mwaka 1996. Akamkuta, jina lake la pili lilikuwa limekosewa kwa herufi moja, na ndiyo sababu watu walikuwa wamelipita bila kulitambua. Tarehe ya kuzaliwa ya kitabu chetu ndiyo iliyothibitisha kwamba ni yeye.

Lakini hayo yote yalichukua miezi saba. Kampuni haikungoja, ilimwajiri mtu mwingine. Fundi wetu alipata kazi baadaye, mahali pengine na kwa mshahara mdogo zaidi. Tena aliniambia jambo ambalo sijalisahau: katika miezi ile, mtu alimwahidi diploma ya bandia kwa juma moja tu. Alikataa. Ni wangapi wangekataa, watoto wakilia njaa nyumbani? Palipo na kabati tupu, mwongo na mkweli hulingana, maana hakuna kitabu cha kuwatenganisha. Ndiyo maana nasema kwamba kitabu kilichotunzwa vizuri ni ngao ya mkweli kabla ya kuwa kazi ya karani.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Je, si zaidi bado elimu, ambayo haionekani kwa macho? Nayo daftari ina adui wengi. Iko mchwa, iko mvua inayopenya paa. Iko misiba mikubwa: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji wa Goma, tarehe 3 Februari 2008 nchi ilitetemeka Bukavu, mwezi wa nne wa mwaka 2020 mito ilifurika Uvira. Karatasi iliyo peke yake haina nguvu mbele ya mambo hayo. Iliyo na pacha yake mahali pengine haipotei yote.

Dawa yake haihitaji mali nyingi. Prefe na aagize kwamba kila mwisho wa mwaka kitabu cha majina na kitabu cha alama vinakiliwe, na nakala iwekwe katika nyumba nyingine, si katika kabati ya pili ya chumba kile kile. Iandikwe kwa wino. Neno lililokosewa lisifutwe, bali likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, kisha aliyesahihisha atie tarehe na sahihi. Kabati iwe ya chuma, iinuliwe kutoka sakafuni na kuachana na ukuta. Kitabu kisitoke chumbani bila kuandikwa nani amekichukua na siku gani. Na prefe mmoja akimwachia mwingine kazi, wahesabu vitabu pamoja, mwaka kwa mwaka, na wote wawili watie sahihi, kama wanavyohesabu mashine za karakana. Yaani, kitabu si mali ya prefe, wala si mali ya shule. Ni amana ya mwanafunzi, na mwenye amana anaweza kurudi baada ya miaka thelathini.

Wengine huniuliza juu ya kompyuta. Ni chombo chema: jina ambalo mimi nililitafuta nusu siku, yenyewe hulipata mara moja, na picha za kurasa zote zaweza kuwekwa mbali na shule. Lakini mashine hukosa umeme, huharibika, huibiwa. Tena haiwezi kukumbuka kile ambacho hakuna aliyekiandika. Itusaidie kitabu, isitufanye tukitupe.

Nanyi wazazi, siku ya kumwandikisha mtoto, msitaje majina yake kwa kukumbuka tu. Chukueni karatasi ya kuzaliwa, mkae pamoja na karani, mtazame herufi kwa herufi. Nanyi wanafunzi, ombeni kuuona mstari wenu kabla hamjafika mwaka wa mwisho, maana kosa la mwaka wa kwanza husahihishwa kwa dakika tano, lakini kosa la diploma huenda likahitaji miaka. Wekeni buletini zote pamoja mahali pakavu. Mkiombwa karatasi, toeni nakala. Karatasi yenyewe ibaki nyumbani.

Na makarani wenzangu, najua kwamba kazi yetu haina sifa, na mshahara wake mara nyingi huchelewa. Hata hivyo, tunapoandika vizuri jina la mtoto wa mkulima, tunampa shamba ambalo baba yake hakuwa nalo. Tuandike polepole, tena wazi, hata yule ambaye hajazaliwa bado aweze kusoma mwandiko wetu.