Mwezi wa Filamu Bila Mtafsiri

Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, filamu ya mwaka 2012, nimeitazama tena mwezi huu, na bado naona dakika zake za mwanzo zinashinda zote zinazofuata. Mwas anauza DVD kijijini. Bei haitaji kwanza. Anaucheza mkanda wenyewe mbele ya wateja: anarusha ngumi, anafyatua bunduki kwa mdomo, anajibu kama adui kisha anageuka kuwa steringi, mpaka mteja anajikuta ameshatoa hela. Akifika Nairobi anaporwa, anatupwa rumande, anaingia kwenye genge la wezi wa magari huku akifanya mazoezi ya jukwaani. Sehemu hiyo ni nzuri, ila nimewahi kuona nyingine zinazofanana nayo. Yule muuza DVD sijamwona kwenye filamu nyingine yoyote, na namfahamu sana, kwa sababu kijana kama yeye ndiye aliyenifundisha kutazama sinema.

Kwetu Dar es Salaam, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, sinema haikuwa ukumbi wa Empire wala Avalon. Hizo walikuwa nazo wakubwa zetu, waliotusimulia mpaka tukachoka habari za Sholay na za sinema ya magari pale Msasani, mahali ambapo leo kuna ubalozi wa Marekani. Sisi tulikuwa na kibanda umiza: mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya kabati, joto la kutosha kukausha dagaa. Na mbele, ameshika maiki, mtafsiri.

Mtafsiri hakutafsiri. Alipunguza sauti ya mkanda akaanza ya kwake. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, akatuambia nani ana deni dukani, akakatiza mapigano kumfukuza mtoto aliyeingia bila kulipa, kisha akarudi kwenye risasi bila kupoteza uzi. Kiingereza sidhani kama alikijua kunizidi mimi, na mimi sikukijua kabisa. Baadaye sauti za namna hiyo zikaanza kuuzwa madukani pamoja na kanda zenyewe, na Lufufu, mmoja wa watafsiri hao, akawa maarufu kuliko waigizaji aliowasemea. Wakenya nao wana DJ Afro, anayefanya kazi hiyohiyo kwa Kiswahili cha Nairobi.

Ndiyo maana Titanic imenishangaza mwezi huu. Nimeitazama kwa sauti yake yenyewe, saa tatu na zaidi, na nikaona mapenzi ya Jack na Rose ni mepesi kuliko nilivyokumbuka. Maneno yao ni machache na ya kawaida tu. Yale mazito niliyokuwa nikiyarudia shuleni yalitoka kwa mtafsiri wetu kibandani, Temeke. Meli inapozama, hata hivyo, James Cameron hahitaji msaada wa mtu. Nusu ile ya pili ingemnyamazisha hata mtafsiri wetu.

Katikati ya mwezi nikarudi kwenye filamu za nyumbani za enzi za mwigizaji Kanumba. Girlfriend ya George Tyson ilitoka 2003, na baada yake mlango ukafunguka: kila wiki kasha jipya, jina la Kiingereza, pati wani na pati tuu. Oprah ya 2008, yenye Kanumba, Ray na Irene Uwoya, inaonyesha vizuri uzuri na ubovu wa wakati ule. Uso wa Kanumba unajua kazi. Anaweza kusimama mlangoni ukaelewa amesalitiwa. Tatizo ni kwamba filamu za namna hii haziuamini uso. Mtu anagundua siri, kisha anampigia rafiki simu kumweleza alichogundua, kisha anakaa kitandani akijieleza mwenyewe kwa sauti, na kinanda kinalia juu ya yote hayo. Maoni yangu ni haya: waigizaji walirithi kazi ya mtafsiri. Watazamaji tulikuwa tumezoea kuambiwa, nao wakatuambia. Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na naamini angekuja kuachana na mtindo huo, maana dalili zilikuwepo usoni mwake.

Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ni ya 2001, kabla ya hayo yote, nasi mtaani hatukupata habari zake. Mhusika wake mkuu, Samehe, ni mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye hajasema neno kwa miaka mingi. Hebu fikiria mkanda huo ungepelekwa kibandani! Mimi mwenyewe nilisinzia mara moja, sioni haya kusema, kwa kuwa inakwenda polepole mno. Lakini Samehe hajanitoka kichwani tangu siku hiyo.

Tanzania ilipeleka filamu hiyo kuwania Oscar, kisha ikakaa miongo miwili kabla ya kupeleka nyingine, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Hii nimeitazama na mpwa wangu, ambaye hajui kibanda umiza ni nini. Yasmin anamkimbia mume aliyeozwa, anakwenda kwa Mwajuma, anampenda Denge aliye kwenye harakati za kumpinga Mwingereza. Riwaya inaongea sana, na kwa raha. Filamu imenyamaza, ikaacha kuta za Unguja, mvua na mwanga wa taa vifanye maongezi. Nusu saa ilipopita mpwa akauliza, "Mjomba, mbona hawasemi wanachofikiria?" Nikamwambia atazame tu. Mwishoni alikuwa amesogea karibu na kioo. Kwangu mimi ni filamu nzuri kuliko zote tulizotengeneza, ingawa siasa ya Denge imebanwa mno, na asiyesoma kitabu atapapasa kidogo.

Iliyonikamata zaidi mwezi mzima, hata hivyo, ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo, binti wa miaka tisa, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinakubali kumdanganya, kisha kinaamua kumtengenezea filamu. Na ndani ya kijiji hicho yumo Mike, mwenye banda la video, anayewasimulia watoto mikanda kwa mdomo wake! Wainaina hamcheki. Anampa kazi, anamtoa mbele ya televisheni na kumweka nyuma ya kamera. Mama yake Jo, anayeigizwa na Marianne Nungo, ana maneno machache kuliko wote, na ndiye aliyeniliza.

Kama una jioni moja tu, itazame hiyo. Na aliyekwisha kuiona mkalishe mbali nawe, asije akakusimulia.