Asiyepiga Mayowe

Kuna sinema za kutisha na kuna sinema za kutisha zinazochekesha. Leo nataka nikusimulie juu ya moja ya aina hii ya pili, kwa sababu ilinifunza jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

Sinema yenyewe inaitwa The Tingler. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1959 na William Castle, bwana aliyesifika kwa filamu za gharama ndogo na vituko vikubwa. Mwigizaji mkuu ni Vincent Price, aliyeigiza daktari. Daktari huyo anagundua kwamba kwenye uti wa mgongo wa kila mtu mna mdudu kama tandu. Ukiogopa, mdudu anakua na kukukaba. Ukipiga mayowe, ananywea. Usipopiga mayowe, kwisha habari yako!

Basi tandu huyo anatoroka ndani ya jumba kuukuu la sinema. Taa zinazimika, na sauti ya daktari inawasihi watu wapige mayowe kuokoa maisha yao. Castle naye alikuwa ameweka mitambo chini ya baadhi ya viti katika majumba yalikoonyeshwa filamu hiyo. Papo hapo kiti kinakutetemesha kama uliyepanda matatu kwenye barabara mbovu. Nani angenyamaza?

Binamu yetu wa Nairobi alituletea sinema hii likizo iliyopita. Ndugu yangu mdogo alijifunika leso ya mama gubigubi. Mimi nilijikaza kiume, lakini moyo ulikuwa unadunda. Dada yangu mkubwa, ambaye ni kiziwi tangu utotoni, alikuwa anacheka mpaka machozi yakamtoka. Alitunyooshea kidole: ati tandu anavutwa kwa uzi! Nikazima sauti nione. Kumbe! Muziki ulipokwisha, nilibaki natazama mpira unaokokotwa sakafuni. Hofu yote ilikuwa imeingilia masikioni.

Lakini kuna mahali dada aliacha kucheka. Jumba hilo la sinema ni la mume na mke, na mke ni kiziwi na bubu. Mumewe anamtisha makusudi, akijua kwamba hawezi kupiga mayowe. Filamu nzima haina rangi, ila hapo damu inatoka bombani nyekundu pyu. Mama wa watu anakufa kwa hofu. Dada akaniuliza kwa ishara, "Kwa nini walimchagua bubu?" Nikamjibu, "Ili asiweze kuita." Akasema, "Mimi huita kwa mikono. Wewe unaona. Wengine hawaangalii."

Sikuwa na jibu, maana nilikumbuka mambo ya mwaka jana. Alikwenda zahanati fulani peke yake, ana homa kali. Majina yalikuwa yanaitwa kwa mdomo tu. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi walipofunga milango, akarudi nyumbani bila hata kidonge kimoja. Hapakuwa na tandu pale, wala damu bombani, na bado mama alilia usiku ule alipomgusa paji la uso.

Tena ajabu ni kwamba jumba lile kwenye filamu huonyesha sinema za kimya. Kabla ya filamu zenye mazungumzo kuanza kushika kasi mwaka 1927, maneno yaliandikwa kwenye skrini, na kiziwi alifuata kisa sawasawa na jirani yake. Sauti ilipoingia, yeye akaachwa nje. Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyemkumbuka tu.

Sasa nawageukia nyinyi wanachama wenzangu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hivyo Kiswahili chetu na lugha ya dadangu wanakalia benchi moja. Mbona tusijifunze japo salamu? Niko tayari kufundisha Ijumaa baada ya masomo, bure kabisa, chai mjiletee.

Siku ya Wazazi dada atakuja pamoja na mama. Mkitaka kumkaribisha, msipige makofi. Inueni mikono juu mtikise viganja, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Ataelewa.