Sufuri Nilizopika

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, nilikuwa nimeshaitega programu yangu ikusanye twiti za siku hiyo. Kazi ilikuwa kuonyesha kwa grafu jinsi gumzo lilivyopanda na kushuka, dakika kwa dakika. Grafu niliyotoa ilikuwa ya uongo, na uongo wenyewe niliutia mimi.

Twitter ya wakati ule ilimruhusu mtumiaji maombi 180 ya utafutaji kila dakika 15. Ombi moja liliweza kuleta hadi twiti 100, ila usipotaja idadi unaletewa 15 tu. Sikutaja. Kwa hiyo mgawo ambao ungenipa twiti 18,000 niliumaliza kwa 2,700, na siku kama ile 2,700 si kitu. Baada ya hapo seva ikawa inanijibu 429: umeomba kupita kiasi. Wala haikunificha nisubiri hadi lini. Kila jibu lilikuja na idadi ya maombi yaliyosalia, pamoja na saa ya kupata mgawo mpya, iliyohesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Kuisoma namba hiyo na kuiambia programu ilale mpaka saa ifike ni mistari michache tu. Mimi nilikuwa nimeiagiza kwamba kosa lolote likitokea, iandike sufuri na kuendelea. Nikajiona fundi kweli: programu haikwami!

Grafu ikatoka na meno kama msumeno. Inapanda, inaporomoka hadi chini kabisa, inakaa huko, inapanda tena. Nikaandika aya nzima juu ya mawimbi ya hisia za wananchi. Mhariri wangu, mama asiyejua hata mstari mmoja wa programu, aliitazama akauliza, "Kijana wangu, hawa watu wote huwa wanaenda chai pamoja?"

Nikacheka, nikamwambia mitandao ndivyo ilivyo. Usiku nikafungua kumbukumbu za programu: 429, 429, 429, ukurasa baada ya ukurasa. Kuchota upya haikuwezekana, maana utafutaji wa bure ulirudi nyuma siku 7 hivi, nazo zilikuwa zimeshapita.

Kama ningesema ukweli hapo, ungekuwa uzembe tu. Lakini asubuhi nilijumlisha hesabu kwa saa badala ya dakika. Meno yakatoweka, mstari ukapendeza, mama wa watu akaupokea kwa imani na ukachapishwa. Jumla zile zilikuwa pungufu, tena zilipungua zaidi pale watu walipozungumza zaidi, kwa sababu ndipo mgawo ulipoisha upesi. Yaani saa zile zile tulizodai kumweleza msomaji ndizo tulizozipunja kuliko zote.

Mhariri sikumwambia mpaka alipostaafu. Na wewe, kama uliwahi kuutumia mchoro ule mahali, ufute.