Vidonge vya Koko

Simba wetu alinenepa bila kula sana. Manyoya ya mkia yakamtoka, na usiku, nyumbani Beni, akaacha kubweka. Baba akauliza mbwa asiyebweka, hapa Beni, ana faida gani. Nikampeleka Butembo, ninakosoma, kwa daktari wa mifugo. Damu ilipopimwa, ikaonekana tezi ya shingo imelegea.

Dawa yake ni levothairoksini, ileile anayokunywa nyanya yangu, Koko, tangu apasuliwe rovu. Koko hunywa kidonge kimoja cha mikrogramu 100 kwa siku. Simba, kilo 20 tu, aliandikiwa vinne asubuhi na vinne jioni! Mwuza dawa alinitazama kama mwizi. Lakini mwili wa mbwa huimaliza dawa hiyo upesi: nusu yake huisha kabla siku haijapita, ilhali kwa mtu huchukua kama siku 7. Baada ya wiki kadhaa Simba akabweka tena.

Kisha barabara ya Butembo ikafungwa. Vilibaki vidonge 16: kwa Koko zaidi ya wiki mbili, kwa Simba siku mbili. Nikaficha kopo.

Koko akaniita. “Mjukuu wangu, mimi naweza kungoja. Yeye ndiye analinda mlango.”

Nikakataa. Tulibishana hadi giza, kwa Kinande. Kwa Kiswahili huwa ninamheshimu mno.

Asubuhi nilihesabu vidonge: 12. Simba alikuwa akilamba midomo, na bugali la jana lilikuwa limemegwa.