Kikaango cha Bibi

Labda wengine watashangaa kumwona mwalimu mwanamume akiandika habari za jikoni. Walakini naomba mnivumilie, maana jambo nitakalowaeleza lilianzia jikoni kwangu hapa Nanyala, nami nalo limenifundisha kuliko vitabu vingi nilivyosoma chuoni.

Nyumbani kwangu kuna kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kama maji kikamiminwa katika kalibu ya mchanga. Ni kizito, tena kina mkono mfupi wa chuma kile kile, hakina kiungo wala msumari. Ni mali ya bibi yangu, mzaa baba. Babu alikileta mwaka 1958 aliporudi kutoka machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 huitwa Zambia. Siku zile vijana wengi wa Mbozi walikwenda kutafuta kazi huko, nao walirudi na mablanketi, nguo na vyombo. Babu alikifunga kikaango ndani ya blanketi, akavuka nacho mpakani Tunduma, akampa mkewe. Tangu siku hiyo bibi alikaangia humo karanga, mahindi, mayai, viazi na nyama ya nguruwe, hata babu akafa, hata watoto wakaoa na kuolewa, hata mimi nikazaliwa.

Si kwamba wazee wetu hawakukijua chuma. Wanyiha walikuwa na wahunzi wao, na jirani zao Wafipa walijenga tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakachoma humo mawe ya chuma kwa makaa. Lakini katika tanuri zile chuma hakikumiminika. Kilitoka bonge lenye matundu, na mhunzi akalifua motoni mpaka likawa jembe au shoka. Chuma cha kusubu ni namna nyingine. Ndani yake mna kaboni, kama sehemu 2 hadi 4 katika 100, na kwa sababu hiyo huyeyuka upesi, kwenye joto la yapata digrii 1,200, hali chuma kitupu hungoja hata digrii 1,538. Wachina walijua kazi hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Uingereza Abraham Darby alipewa hati mwaka 1707 kwa ajili ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga, na baadaye vyombo vya namna hii vikaenea duniani. Ila kaboni ile ile hukifanya chuma kiwe kikavu: ukikiangusha juu ya jiwe huvunjika kama chungu cha udongo.

Sasa nieleze kosa langu. Bibi alipozidi kuzeeka tulimleta akae nasi katika nyumba ya mwalimu, akaja na nguo zake, mkeka wake, na kikaango. Mimi, nasema kweli, nilikionea haya. Kilikuwa cheusi ndani na nje kama chungu cha moshi, na katika rafu yetu palikuwa na sufuria zilizong'aa kama kioo. Wageni walipokuja nilikificha nyuma ya debe la unga. Bibi aliona, asiseme neno.

Mwezi wa Desemba mmoja, shule zilipofungwa, bibi alikwenda kwenye msiba wa ndugu yake akakaa huko wiki tatu. Nikajisemea moyoni, “Nitamfurahisha bibi. Nitakisafisha chombo chake, akirudi akikute kipya.” Nikakikwangua kwa kisu, nikakisugua kwa mchanga na nyuzi za chuma, na weusi uliokataa kutoka nikauchemsha kwa magadi. Jioni kilikuwa cheupe kama fedha. Nikakiloweka katika karai la maji ili uchafu uliobaki ulegee, nikaenda kulala nikiwa radhi na nafsi yangu.

Asubuhi nilikikuta chekundu. Nikakisugua tena, nikakianika. Mchana kikawa chekundu tena. Nilipojaribu kukaanga yai, likagandamana hata nikalitoa kwa kisu. Basi nikaona chombo kimekwisha kazi yake, nikakitupa nyuma ya jiko, na mvua za Desemba zikakinyeshea.

Hata siku moja akapita kijana mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Nikamletea jembe bovu, fuko la misumari, na kikaango. Akakitundika: kilo mbili na nusu. Bei aliyotaja haikufika ya nusu kilo ya nyama. Nami nilikuwa nimekwisha kunyosha mkono nipokee fedha, ndipo bibi akaingia uani na fimbo yake na furushi lake kichwani.

Nanyi mjue kwamba bibi, kwa desturi ya mabibi wetu, huniita mume wangu. Siku ile hakuniita hivyo. Alisimama, akatazama mizani, akasema, “Mwalimu, unauza nini?”

Nikamjibu kwa maneno mengi: kwamba nilitaka kumfurahisha, kwamba kilikuwa kichafu, kwamba kimeshika kutu, kwamba nitamnunulia kingine. Akangoja nimalize. Kisha akasema, “Ule haukuwa uchafu. Kila siku niliyopika, niliacha kidogo. Babu yako alipoanza kunipa nyama anikaangie wageni wake, kilikuwa kijivu. Weusi ule wote ni mimi niliyeutia. Wewe umeusugua kwa siku moja.” Akaingia ndani, akalala bila kula.

Nikamwambia yule kijana aende zake. Usiku ule sikupata usingizi, kwa maana nilikumbuka jambo jingine la kunitia haya zaidi. Muhula ule ule nilikuwa nimewafundisha watoto somo la kutu. Nilitia misumari katika chupa tatu: ya kwanza ina maji na hewa, ya pili ina maji yaliyochemshwa, na juu yake tabaka ya mafuta yazuiayo hewa, ya tatu ni kavu, ina chokaa isiyozimwa ya kunywa unyevu. Baada ya siku chache msumari wa kwanza ulishika kutu, ile mingine ikabaki salama. Nikaandika ubaoni kwamba chuma hakipati kutu pasipo hewa na maji pamoja, na kwamba mafuta hukilinda. Hata kile kimondo cha Mbozi kilicholala kilimani Marengi, chuma kilichotoka mbinguni, chenye uzito unaokadiriwa tani 16 na nikeli ndani yake, nje kimepata rangi ya kutu. Watoto niliwapeleka huko wakakigusa kwa mikono yao. Hayo yote niliyajua, nami nikakwangua mafuta ya miaka sitini nikaloweka chuma kitupu majini.

Asubuhi nikamwendea bibi, nikapiga magoti, nikasema, “Bibi, nimekosa. Nifundishe.” Akanitazama kitambo. Akasema, “Lete makaa.”

Kwanza tuliondoa kutu yote kwa mchanga mkavu, tukakiosha, tukakikausha juu ya moto mpaka unyevu wote ukatoka. Hapo mimi kwa haraka yangu nikamimina mafuta ya alizeti mengi, nikakichoma. Kilipopoa kilikuwa kinanata kama gundi. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi, akaniambia nianze upya. Mara ya pili alichukua kitambaa, akakipaka mafuta ya nguruwe ndani, nje na mkononi, kisha akayafuta kana kwamba amejuta kuyapaka, mpaka nikadhani hakuna kilichobaki. Akakifudikiza juu ya makaa makali, moshi ukatoka, akakiacha yapata saa nzima hata moshi ukakoma. Tukakingoja kipoe polepole. Siku ile tulifanya hivyo mara tatu, na kesho yake mara tatu tena. Rangi yake ikawa ya kahawia, kisha nyeusi hafifu.

Sababu yake nimeisoma baadaye. Mafuta membamba yakipata joto kali pamoja na hewa, chembe zake hufungamana zenyewe kwa zenyewe, yakaacha kuwa mafuta ya majimaji, yakawa ganda gumu lililoshikamana na chuma. Ganda hilo huzuia maji yasifike kwenye chuma, na chakula kisigande. Yakiwa mengi, ya juu hukauka na ya chini hubaki mabichi, ndiyo maana chombo hunata.

Utunzaji wake si kazi kubwa. Kioshe kingali na uvuguvugu kwa maji na kitambaa. Sabuni kidogo haidhuru, lakini usikiloweke kamwe. Kikaushe motoni, wala usiamini upepo. Kipake mafuta kidogo ukifute. Usimimine maji baridi katika chombo chenye moto, maana kitapasuka. Kikiwa kichanga usipikie nyanya wala kitu cha ndimu kwa muda mrefu, kwa kuwa uchachu hula ganda. Chakula kikigandamana, tia maji kidogo uchemshe, kisha kwangua kwa mwiko. Tena anza na vyakula vya mafuta, kama nyama ya nguruwe, kabla ya kujaribu yai.

Faida nyingine ipo. Chakula kilichopikwa katika chuma huchukua madini ya chuma, nayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa nchini Ethiopia: watoto waliolishwa chakula kilichopikwa katika vyungu vya chuma walipata nafuu ya upungufu wa damu kuliko wale wa vyungu vya alumini. Sisemi kwamba kikaango ni dawa. Mgonjwa na aende kwa mganga wa hospitali. Lakini sasa naona kwamba kile nilichokificha nyuma ya debe la unga kilikuwa kikitulisha kuliko nilivyofikiri. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Walimu wenzangu, sisi tumepewa kazi ya kuondoa ujinga, na mara nyingi tukiona kitu cheusi katika nyumba ya mzee twadhani ni ujinga, twachukua mchanga na kuanza kusugua. Nawasihi, ulizeni kwanza ni nini, na nani alikiweka, na kwa sababu gani. Ninyi wenyewe mtajua ni vitu gani nawaza, maana havimo jikoni tu.

Miezi minane imepita. Kila jioni nakaangia humo mimi mwenyewe, wala simwachii mtoto, na kila nikimaliza nakipaka mafuta nikakifuta, nikampelekea bibi. Macho yake hayaoni vema tena, kwa hiyo hupitisha vidole ndani yake polepole, kutoka ukingoni hata katikati. Yai sasa huteleza bila kugandamana. Juma lililopita nilidhani nimefika, nikamwuliza, “Bibi, kimerudi kama zamani?”

Akakigusa tena, akanirudishia.

“Bado, mume wangu,” akasema. “Kesho pika tena.”